Mizabibu ya Languedoc na Roussillon: Historia ya Wingi na Ubora

Languedoc na Roussillon, maeneo ya kusini mwa Ufaransa yanayopakana na Bahari ya Mediterania kuanzia karibu na mto Rhône hadi mpaka wa Hispania, yamelima mizabibu tangu zama za kale, na kilimo hicho kilishamiri baada ya Warumi kuanzisha mji wa Narbonne mwaka 118 kabla ya Kristo. Kiangazi kirefu na upepo mkavu uitwao tramontane, ambao huzuia ukungu kushika majani, huiwezesha zabibu kuiva bila shida. Lakini neema hiyohiyo, kwa kuwa ilirahisisha kuvuna kwa wingi, ndiyo iliyowaponza wakulima kwa zaidi ya karne moja.

Sifa ya mwanzo ya eneo hili ilitokana na mvinyo mtamu. Arnaud de Villeneuve, tabibu aliyefundisha Montpellier mwishoni mwa karne ya 13, ndiye anayehusishwa na mbinu ya kutia pombe kali katika maji ya zabibu yanayochachuka, ili hamira ife kabla haijamaliza sukari yote, na mvinyo ubaki na utamu wake wa asili. Kwa njia hiyo mji wa Frontignan ulijulikana kwa zabibu nyeupe yenye harufu nzuri iitwayo Muscat, na miteremko ya mawe ya Banyuls na Maury ikajulikana kwa Grenache, zabibu nyeusi yenye asili ya Hispania inayostahimili ukame na kukusanya sukari nyingi.

Mambo yaligeuka katika karne ya 19, reli ilipoyaunganisha mashamba ya kusini na miji ya viwanda ya kaskazini, ambako wafanyakazi walihitaji mvinyo wa bei nafuu. Wakulima walishuka kutoka vilimani hadi nyanda zenye rutuba, wakapanda Aramon, aina iliyoweza kutoa zaidi ya hektolita 200 kwa hekta moja, hektolita ikiwa ni sawa na lita 100. Kwa kuwa mvinyo wa Aramon ulikuwa mwepesi na hafifu wa rangi, Louis Bouschet na baadaye mwanawe Henri walizalisha machotara yenye nyama nyekundu ndani ya tunda, maarufu zaidi likiwa Alicante Bouschet, ili kuutia rangi.

Katika miaka ya 1860 iliingia filoksera, mdudu mdogo kutoka Amerika anayeshambulia mizizi, ambaye Jules Émile Planchon wa Montpellier alimtambua mwaka 1868 pamoja na wenzake. Tiba ilipatikana kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Amerika ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Hata hivyo, upandaji mpya uliendeleza tamaa ileile ya wingi. Mvinyo ukajaa sokoni, huku mwingine ukighushiwa kwa sukari na maji, na bei ikaporomoka. Mwaka 1907 Marcelin Albert, mkulima wa kijiji cha Argeliers, aliongoza maandamano yaliyokusanya mamia ya maelfu ya watu mjini Montpellier. Damu ilimwagika Narbonne, na ndipo serikali ikapitisha sheria ya kudhibiti udanganyifu huo.

Baadaye Carignan, zabibu nyingine yenye asili ya Hispania, ilitawala mashamba kwa sababu ilizaa sana, lakini kuzalisha kwa wingi hakukuwa tena na faida pale Wafaransa walipoanza kunywa kidogo na kuchagua zaidi. Mashamba mengi yaling'olewa kwa ruzuku ya Ulaya, Syrah na Mourvèdre zikapandwa, na maeneo yakapewa hadhi ya jina la asili, yaani haki ya kisheria ya kutumia jina la mahali kwa mvinyo uliofuata masharti yake: Fitou mwaka 1948, Faugères na Saint-Chinian mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985.

Ajabu ni kwamba Carignan, iliyobeba lawama zote za wingi huo, haikustahili kuzibeba peke yake. Mizabibu yake mizee ya vilimani, ambayo huzaa kidogo, hutoa mvinyo mzito wenye ukali hai, hasa vishada vizima vinapochachushwa bila kupondwa ndani ya tangi lililojaa kabonidioksaidi, njia inayolainisha ukakasi wa maganda. Tarehe 28 Juni 2019, joto lilipofikia nyuzi 46 katika kijiji cha Vérargues na mizabibu ya jirani kuungua majani na matunda, thamani ya aina zinazochelewa kuiva na kuhifadhi uchachu wake, kama Carignan na Piquepoul nyeupe ya Pinet, ilizidi kuonekana. Mashina hayo ya vilimani ni hazina ambayo wajukuu wana kila sababu ya kuilinda.