Kivuli cha Baraza Chini ya Mlima Meru

Wengi hudhani ya kuwa mzee akipata chakula, blanketi na dawa, amepata yote. Lakini habari za nchi yetu ya Meru na Arusha zatufundisha kwamba macho na masikio ya mzee nayo yataka riziki yake.

Hapo kale wazee wa Waarusha walikutana uwanjani penye kivuli cha mti, wakakata mashauri ya mashamba na mifugo. Bwana Gulliver, aliyekaa kati yao miaka ya 1956 hadi 1958, alieleza mabaraza hayo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1963. Mzee aketiye pale aliuona mlima, aliwaona watoto wakipita na mbuzi, tena alisikia sauti za watu wa rika lake. Misheni ilipofika Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, wimbo wa ibada nao ukaongezeka. Kwa hayo yote mzee alijua kwamba yungali mtu kati ya watu.

Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapata 3,000 katika Ngare Nanyuki, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Walionyeshwa Kingori, wakapakataa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akanena mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu huihesabu hasara ile kwa ekari na ng'ombe, na ni haki. Lakini mzee aliyezoea kuutazama mlima toka mlangoni pake, ni nani atakayemlipa asubuhi zake?

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo. Waliotazama miti dirishani walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, wala hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu.

Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 617,631. Hatusemi mji unyamaze, maana shangwe ya soko humchangamsha mzee. Lakini honi za pikipiki na vipaza sauti vikifunika maneno ya mwenziwe, mzee mwenye masikio mazito hucheka asichokisikia, kisha siku ya pili hukaa nyumbani.

Basi, tulioamriwa kuwaheshimu baba na mama, kabla ya kuukata mti wa uwanja wa kanisa au wa kijiji, tuulize kwanza ni nani huketi chini yake. Tuweke benchi hapo, na kipaza sauti tukigeuzie upande mwingine. Gharama yake ni ndogo, nao wazee wetu watapata tena mahali pa kuzungumza.