Amri Abedi: meya aliyekuwa mshairi

Ukitaja Amri Abeid, wengi wetu tunawaza uwanja wa mpira kule Arusha. Mwenye jina je?

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, na hadi leo wanaobishana kuhusu vina na mizani hukimbilia humo. Alikuwa sheikh wa Ahmadiyya, kundi dogo lililopingwa na Waislamu wengi. Hata hivyo, mwaka 1960, Uhuru haujafika, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam.

Wadau, meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, huchaguliwa na madiwani. Kwa hiyo lazima kwanza wenzako wakuamini.

Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria. Oktoba 1964 akafariki, ana miaka 40 tu.

Vijana wanaotaka udiwani, iwe Tumbi au Ujiji, huambiwa wasubiri zamu yao. Yeye angesubiri, zamu isingemkuta hai.