Kijidudu cha Tumboni

Leo tutasoma jinsi chanzo cha vidonda vya tumbo kilivyojulikana.

Zamani madaktari walifundishwa kwamba vidonda hivi huletwa na mashaka ya moyo na wingi wa asidi, yaani maji makali ya tumboni. Waliamini kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi humo. Mgonjwa aliambiwa apumzike na anywe maziwa. Wengine walipasuliwa.

Mwaka 1979, mjini Perth, Australia, Daktari Robin Warren alitazama vipande vya nyama ya tumbo kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo. Akaona vijidudu vilivyopinda. Baadaye Daktari Barry Marshall akaungana naye. Walijaribu kuviotesha katika visahani, lakini havikuota. Baada ya siku mbili visahani vilitupwa. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982, visahani vikaachwa siku zaidi. Waliporudi, vijidudu vimeota! Kumbe vilihitaji muda tu.

Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe. Baada ya siku chache akawa anatapika, na tumbo lake likapimwa likaonekana limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini swali likabaki. Watu wengi sana duniani wana kijidudu hiki, Helicobacter pylori. Mbona wengi wao hawaugui?

Jibu moja limo katika kijidudu chenyewe. Kila kiumbe hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Mwaka 1993 wataalamu walieleza jeni iitwayo cagA. Baadhi ya vijidudu vinayo, vingine havina. Chenye jeni hiyo hutengeneza protini, kisha huiingiza katika chembe za tumbo, mfano wa mtu apigaye sindano. Wenye aina hiyo hupata vidonda na saratani ya tumbo zaidi kuliko wenye aina nyingine. Hata hivyo, si wote.

Basi, ndugu yangu, ukiumwa tumbo siku nyingi, usiseme ni mawazo tu. Nenda ukapimwe. Ukipewa dawa, zimalize zote, hata maumivu yakiisha mapema.

Maswali:
1. Kwa nini vijidudu havikuota hapo kwanza?
2. Jeni ni nini?
3. Kwa nini wenye kijidudu hiki hawaugui sawasawa?

Kwaherini.