Mpira mweupe, pembe za Ujiji na ubishi wa kulenga

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena wiki ya testi ikigongana na kazi za makundi. Leo tuachane na habari za boom kuchelewa. Hapa hosteli kuna ubishi umeanza tangu juzi na haujaisha: je, kwenye pool kulenga ndio kila kitu?

Jamaa wa chumba cha jirani anasema kama una jicho umemaliza, hayo mengine ni mbwembwe. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nasoma ualimu, masomo yangu historia na jiografia. Nimemwambia historia ya mchezo wenyewe inampinga, tena inampinga ikipitia kwetu.

Kwanza nimpe haki yake. Mpira wa pool wa saizi kubwa una kipenyo cha milimita 57 hivi. Chukua pigo lililonyooka. Mpira mweupe ukipita pembeni kwa milimita 1 tu pale unapomgusa mwenzake, yule aliyeguswa anatoka nje ya mstari kwa karibu nyuzi 1. Akisafiri mita 1 ameshapotea milimita 17 au 18. Akisafiri mita 2, ni 35. Hapo ndo unaona mpira unagonga mdomo wa shimo na kurudi, watu wanashika vichwa. Kwa hiyo asiyeweza kulenga hana mchezo, hilo halina ubishi.

Lakini geuza hesabu hiyohiyo. Mpira ukiwa sentimita 30 kutoka shimoni, kosa lilelile la milimita 1 linakuwa milimita 5, na mpira unaingia kama kawa. Yaani kiasi cha shabaha unachohitaji kinategemea umbali uliojiachia, na umbali huo uliuamua kwenye pigo lililopita, pale ulipouelekeza mweupe uende ukatulie wapi. Fundi halengi kuliko wewe kila mara. Mara nyingi anajiwekea mapigo ambayo hata wewe ungeyapata.

Sisi tuliokulia Ujiji tunaijua michezo hii miwili: gololi na bao. Gololi ni jicho na kidole. Bao halina kulenga hata kidogo, kete unaiweka kwa mkono, kazi yote ni kuona mbele kabla mwenzako hajaona. Pool ni gololi na bao kwenye meza moja. Jamaa yangu anaiona gololi, bao halioni.

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe. Karne ya 19 mipira mizuri ya biliadi, ambayo ndiyo mama wa pool, ilichongwa kutokana na pembe za ndovu. Ujiji ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya biashara hiyo. Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wameshatangulia zamani. Stanley naye alimkuta Livingstone palepale mwaka 1871. Pembe zilivushwa ziwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Kongo, zikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, kisha Zanzibar, halafu Ulaya, Marekani na India. Nyingi ziliishia kwenye vinanda, vitana na bangili. Nyingine zikawa mipira ya kugongwa kwa fimbo kwenye kumbi za London na New York.

Ila pembe ni kitu kilichokuwa hai. Inavuta unyevu, inavimba na kusinyaa, tena si sawasawa pande zote. Fundi alitakiwa kuuchonga mpira katikati kabisa ya pembe, mshipa wa ndani upite kwenye kiini, la sivyo mpira unakuwa mzito upande mmoja. Hata hapo ulihitaji kukaa muda mrefu ukauke kabla ya kuchezewa. Kumbuka milimita yetu 1. Mchezaji wa zamani angeweza kulenga bila kosa lolote na mpira ukaenda unakotaka wenyewe. Alihitaji kuijua mipira ile, hali ya hewa ya siku ile na meza ile. Jicho peke yake lingemwaibisha.

Kingine ni fimbo. Zamani ncha yake ilikuwa mti mtupu, ukipiga nje ya katikati inateleza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud, aliyekuwa mwanajeshi, aliipa umaarufu ncha ya ngozi. Inasimuliwa kwamba aliifanyia majaribio akiwa kifungoni. Ngozi ikashika mpira, na ghafla mchezaji akaweza kuuzungusha mweupe, kuurudisha nyuma, kuusukuma mbele au kuukunja baada ya kugonga ukuta. Ukicheki vizuri, uvumbuzi huu haukumfundisha mtu kulenga. Uliongeza uwezo wa kuamua mweupe uishie wapi, na mchezo ukabadilika moja kwa moja.

Wenzangu wa jiografia mtafurahi hapa. Yule Coriolis tunayemtaja tukieleza kwa nini pepo zinapinda, mwaka 1835 alitoa kitabu kizima cha hesabu za biliadi. Mtu wa akili ile aliona kuna kazi ya kutosha katika namna mpira unavyozunguka, unavyoteleza na unavyopinda.

Kwa upande wa pembe, bei yake Zanzibar ilizidi kupanda. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala. John Wesley Hyatt akaja na seluloidi mwishoni mwa miaka ya 1860. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, akaja na bakelaiti. Siku hizi mipira mingi bora hutengenezwa Ubelgiji kwa aina ya plastiki ngumu. Wabelgiji haohao ndio walioiteka Kigoma Julai 1916 na kuitawala hadi 1921. Dunia ndogo jamani.

Mipira ilipokuwa ya uhakika, ungedhani kulenga kungebaki mfalme. Lakini angalia Willie Mosconi. Mwaka 1954, mjini Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa, na rekodi ile ilidumu hadi 2019. Hakuna jicho linaloweza kupata mapigo 526 magumu mfululizo. Unafika huko kwa kuhakikisha magumu ni machache.

Kuna jambo moja linanigusa zaidi. Hadithi za pembe tunazosikia ni za wenye bunduki, yaani mwindaji, gobori na risasi moja. Kumbe ndovu akishaanguka kazi ndo kwanza inaanza. Kilichoifikisha pembe Bagamoyo ni mabega ya wapagazi, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu mmoja, zaidi ya kilomita 1,000, na wanawake waliotembea nao wakipika na kubeba. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba wengi wa wapagazi hao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kulipwa wenye ujuzi wao, sio watumwa kama tulivyozoea kudhani. Watumwa walikuwepo pia, na mateso yao hayafutiki. Lakini ujuzi wa njia, wa maji, wa kufunga mzigo na wa kupatana hongo na watemi haukuingia kwenye hadithi, kwa sababu haupigi kelele kama bunduki.

Pool iko hivyohivyo. Mpira ukiingia shimoni kila mtu anapiga kelele. Mweupe ukitembea taratibu na kutulia mahali pake, anayeona ni mmoja au wawili.

Kwa hiyo jibu langu kwa jamaa ni hili: kulenga ni ada ya kuingilia. Usipoilipa hukai mezani. Ukishailipa, anayeshinda ni yule anayejua meza imeinamia wapi, anayepiga kwa nguvu anayoitaka, na anayejua pigo la tatu kabla hajapiga la kwanza. Wale kaka zetu wa pale Mwanga wanaokula hela za wageni kwenye meza yenye kitambaa kilichochanika hawana macho kuliko wageni. Wanaijua meza yao.

Haya wadau, mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na hesabu. Mimi kesho nina kipindi saa 1 asubuhi. Usiku mwema.