Biblia Mbele ya Mashahidi: Walokole na Kasoro ya Kipimo cha Uinjilisti

Tangu 1976 shirika la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani kuhusu Biblia: je, ni neno la Mungu la kupokewa kama lilivyo, neno kwa neno, ni kitabu kilichovuviwa na Mungu lakini kisichopaswa kupokewa hivyo chote, au ni mkusanyo wa hekaya za kale? Jibu la kwanza limezoeleka kuhesabiwa kuwa alama ya Mkristo wa kiinjilisti. Kwa upande wake, mwanahistoria David Bebbington, katika kitabu chake cha 1989 kuhusu uinjilisti wa Uingereza, alitaja sifa nne: kuongoka, bidii ya utendaji, kuitegemea Biblia na kuuweka msalaba katikati ya yote. Sifa hizo zimekubalika kwa wataalamu wengi, wala hakuna sababu ya kuzikataa hapa.

Ubishi uko kwenye kipimo. Kuitegemea Biblia kumegeuzwa kuwa maoni ya mtu juu ya kitabu, yaani jibu analoweza kulitoa peke yake na kwa dakika moja. Kipimo hicho hakiwaoni Walokole, yaani waumini wa uamsho wa Afrika Mashariki, ambao imani yao katika Maandiko ilijulikana kwa kile walichokiungama na kukirudisha mbele ya ndugu zao.

Historia yao inafahamika vya kutosha. Mwaka 1929 mjini Kampala, Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyekuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wawili hao walisoma pamoja, kwa kutumia Biblia ya Scofield, mafungu yanayomhusu Roho Mtakatifu. Mbinu hiyo ilitoka ng'ambo. Yaliyofuata yalikuwa ya hapa. Kufikia katikati ya miaka ya 1930, Gahini, Kigezi na Buganda, watu walisimama katika mikutano ya ushirika wakataja wizi, uzinzi, uongo na chuki zao, kisha wakaenda kwa waliowakosea. Mali zilizoibwa zikarudishwa, madeni ya zamani yakalipwa. Zakayo wa Luka 19 hakuwa kisa cha kufundishia watoto tu. Alikuwa kielelezo cha la kufanya kesho yake asubuhi. Waraka wa kwanza wa Yohana, unaounganisha kutembea nuruni na ushirika, ukawa kama katiba yao.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka Mukono, nchini Uganda. Mwaka 1941, wanafunzi 26 wa Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda. Kwa juu juu, kisa hiki kinaunga mkono kipimo cha Gallup, kwa kuwa wanafunzi hao waliyalaumu mafundisho ya chuo kwa kuegemea usasa wa kitheolojia uliopunguza mamlaka ya Biblia. Lakini mgogoro wenyewe ulifumuka kwa sababu nyingine. Walikuwa wakikusanyika kusali kabla ya mapambazuko na kuwahubiria wenzao waziwazi juu ya dhambi zilizokuwamo chuoni. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, alipowawekea mipaka, walikataa kunyamaza. Mwanahistoria Kevin Ward, katika uchunguzi wake wa 1989 kuhusu mgogoro huo, aliwaita waasi watiifu, na jina hilo linafaa: wengi wao hawakuanzisha kanisa jipya. Nagenda hakuwahi kupewa daraja la upadri, lakini aliendelea kuhubiri akiwa Mwanglikana. Mtu ambaye shabaha yake ni fundisho sahihi juu ya kitabu huhama pale fundisho linapopotoka. Hawa walibaki, kwa kuwa Maandiko waliyoyapigania yalihitaji wasikilizaji walewale ambao wao walikuwa wakiwakemea.

Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu uamsho huo, anaonyesha kwa nguvu kubwa jinsi ungamo la hadharani lilivyowakera wazalendo wa makabila, waliotaka aibu za jamii zifichwe. Hoja hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Ukiuangalia uamsho kama upinzani wa kijamii tu, utashindwa kueleza kwa nini wapinzani hao walichagua njia yenye gharama kubwa kiasi kile. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia kushika silaha za serikali. Baadhi yao waliuawa. Sababu waliyoitoa ilikuwa damu ya Kristo, iliyokwisha kuwafunga kwa agano jingine. Huo ni usomaji wa Biblia, na haupaswi kufasiriwa hadi ukatoweka.

Pingamizi zito zaidi ni la Rwanda. Nchi ulikoanzia uamsho ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya 1994, na baadhi ya viongozi wa juu wa Kanisa la Anglikana waliitetea serikali iliyoyaendesha. Haitoshi kusema kwamba hao hawakuwa walokole wa kweli. Jibu la haki linauma: pale ushirika ulipoacha kuitaja chuki ya kikabila kuwa dhambi ya kuungamwa, Biblia haikupata mdomo wa kuisema, hata kama kila mmoja angeapa kwamba ni neno la Mungu toka Mwanzo hadi Ufunuo. Maafa hayo yanaushtaki uamsho, na papo hapo yanaonyesha kwamba maoni juu ya kitabu hayalindi mtu.

Huenda hoja hii isifae kwa makanisa mapya ya mijini, ambako mahubiri ya redio na simu yamechukua nafasi kubwa ya mkutano wa ushirika. Hata hivyo, dodoso lolote la imani litakalopelekwa Bukoba, Kabale au Kirinyaga lingepaswa kuongeza maswali matatu: ni nani anayekusikiliza ukiungama, ni kitu gani umewahi kukirudisha kwa ajili ya ulichokisoma, na ni dhambi gani ambayo kundi lenu halijawahi kuitaja. Bila majibu hayo, takwimu za uinjilisti barani Afrika zitaendelea kuhesabu maoni na kuyaita imani.