Misa kwa mikono: safari ndefu ya viziwi ndani ya Kanisa Katoliki

Katika Sheria ya Kanisa Katoliki kuna kanuni fupi, ya 990, inayomruhusu muumini kuungama kupitia mkalimani. Kanuni nyingine, ya 983, inamfunga mkalimani huyo naye asitoe siri. Wakatoliki wengi wanaosikia huishi na kufa bila kujua kwamba kanuni hizo zipo. Kwa Mkatoliki kiziwi, ndizo zinazoamua kama ataingia kwenye kitubio au atabaki na mzigo wake.

Kiungamio kimejengwa kwa ajili ya masikio. Ndani yake kuna giza, kuna kimiani kati ya padre na anayetubu, kuna kunong'ona. Kiziwi anahitaji mwanga, uso na mikono. Kwa hiyo hupelekwa pembeni, pengine sakristia. Huko huandika dhambi zake kwenye karatasi na kuomba arudishiwe aichane mwenyewe, au huketi na mtu wa tatu, labda ndugu yake anayejua alama, na kumfungulia moyo ili maneno yamfikie padre. Aliye na ndugu wa kumkalimania kwa mumewe au mkewe, kwa daktari na kwa mwajiri anajua jinsi ilivyo vigumu kumwongezea na dhambi zake.

Safari ya kufika hapa ilianza vibaya. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba watu huamini kwa sababu wamelisikia neno, na kwa karne nyingi wako waliousoma mstari huo kana kwamba masikio ndiyo mlango pekee wa wokovu. Hata hivyo Kanisa halikuwa na kauli moja. Mwaka 1198 Papa Inosenti wa Tatu aliamua kwamba bubu na kiziwi wanaweza kufunga ndoa kwa ishara, kwa sababu kinachofunga ndoa ni ridhaa, na ridhaa huweza kuonyeshwa bila sauti. Uamuzi huo ungali hai: kanuni ya 1104 ya leo inasema wanaooana wasioweza kusema watoe ridhaa yao kwa ishara. Ni ajabu kwamba watu walioruhusiwa kusema "ndiyo" kwa mikono mbele ya altare walikaa mamia ya miaka bila kufundishwa katekisimu kwa mikono hiyohiyo.

Mlango wa elimu ulifunguliwa na watawa waliokuwa wamezoea kunyamaza. Katika monasteri ya Oña nchini Hispania, karne ya 16, Wabenedikto walikuwa na ishara zao za kuwasiliana saa za ukimya. Mmoja wao, Pedro Ponce de León, alipokea watoto viziwi wa familia ya kikabaila ya Velasco akawafundisha kuandika, kusoma na hata kutamka. Tusidanganyane, mali ilihusika: mrithi asiyeweza kusema alikuwa na mashaka mbele ya sheria. Lakini watoto wale walithibitisha kwamba akili ya kiziwi haina kasoro. Huko Savoy, mwaka 1605, Askofu Fransisko wa Sales alikutana na kijana kiziwi aitwaye Martin, akamchukua nyumbani kwake na kumfundisha imani kwa ishara hadi akapokea Komunyo ya kwanza. Hapo hapakuwa na urithi wala ukabaila. Ndiyo maana viziwi Wakatoliki wanamhesabu mtakatifu huyo kuwa msimamizi wao.

Halafu likaja jina ambalo kila kiziwi aliyesoma historia yake analijua: Charles-Michel de l'Épée. Padre huyu, aliyezaliwa Versailles mwaka 1712, alikuwa amegongana na wakubwa wake wa Kanisa kwa sababu ya msimamo wake wa kiteolojia, na hakuwa na parokia. Mjini Paris alikutana na mabinti wawili mapacha, viziwi, ambao padre mwingine alikuwa akiwafundisha dini kwa picha za watakatifu mpaka alipofariki. De l'Épée aliogopa kwamba wataishi na kufa bila kumjua Mungu, akaichukua kazi hiyo. Kuanzia miaka ya 1760 nyumba yake ya mtaa wa Moulins ikawa shule, bila ada, kwa fedha za urithi wake. Inasimuliwa kwamba katika baridi kali ya mwaka 1788, akiwa mzee, alijinyima kuni ili fedha iwafae wanafunzi, mpaka wao wenyewe wakamsihi awashe moto.

Watu humwita baba wa lugha ya alama. Hapo naona viziwi wanapokwa haki yao, kwani lugha hiyo aliikuta. Mwaka 1779 fundi mmoja wa kujalidi vitabu mjini Paris, Pierre Desloges, mwenyewe kiziwi, alichapisha kitabu kueleza kwamba viziwi wa mji ule walikuwa wakizungumza kwa alama mambo yote ya maisha, na hawakuwa wamepitia shule yoyote. Ukuu wa de l'Épée ni kwamba aliketi akajifunza kutoka kwao kabla ya kuwafundisha, ingawa baadaye aliongeza ishara zake za kubebea sarufi ya Kifaransa.

Ndiyo maana kilichotokea Milano kinauma. Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana huko, wengi wao Waitalia na Wafaransa, na mwenyekiti alikuwa padre, Giulio Tarra, mkuu wa shule ya viziwi maskini mjini humo. Kwa kura 160 dhidi ya 4 waliamua kwamba usemi ni bora kuliko alama na kwamba watoto wafundishwe kwa kutamka. Mjumbe kiziwi alikuwa mmoja tu, James Denison kutoka Washington. Shule zikafuata, za Kanisa na za serikali. Mikono ikachapwa, na miaka ya mtoto ikaishia kwenye kutamka silabi asizozisikia badala ya kujifunza kitu. Ilichukua hadi mwaka 2010, Vancouver, kwa mkutano uleule wa kimataifa wa walimu wa viziwi kuyakataa maazimio ya Milano.

Marufuku ya alama ilikuwa na ubaya mwingine ambao haukujulikana mapema. Novemba 2019 mahakama ya Mendoza, Argentina, iliwahukumu mapadre wawili kifungo cha miaka 42 na 45 kwa kuwadhulumu kingono watoto viziwi katika Taasisi ya Provolo. Katika shule hiyo alama zilikatazwa. Mtoto aliyenyimwa lugha alinyimwa pia njia ya kushtaki. Historia ya ibada ya viziwi ikisimuliwa bila Mendoza inakuwa ya uongo.

Tukirudi kanisani: Misa ya zamani ilikuwa na usawa wa aina yake. Padre aliipa kisogo hadhira, akasali kwa Kilatini na sehemu kubwa kwa sauti ya chini. Anayesikia na kiziwi wote walifuata kwa macho: kupiga magoti, kuinuliwa kwa Hostia, moshi wa ubani. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipofungua njia ya lugha za wenyeji mwaka 1963, wanaosikia walipata neema kubwa, na kiziwi angeachwa nyuma zaidi kuliko mwanzo, kwa maana sasa kila kitu kilikuwa maneno. Ndipo Desemba 1965 Roma ikaruhusu lugha ya alama itumike pamoja na viziwi katika liturujia yote, pale inapofaa kichungaji. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika habari hii, na ni wachache wanaoukumbuka.

Kilichobaki kilikuwa altare yenyewe. Sheria ya mwaka 1917 ilimzuia upadrisho mwenye kasoro ya mwili inayomfanya asiweze kuhudumu ipasavyo, hivyo kiziwi alihitaji ruhusa maalumu. Vicente de Paulo Penido Burnier wa Brazili aliipata, akapadrishwa mwaka 1951. Barani kwetu, Cyril Axelrod, kiziwi aliyezaliwa Johannesburg katika familia ya Kiyahudi, alipadrishwa mwaka 1970. Alihudumia viziwi wa Soweto wakati ubaguzi ulipowatenga hata watoto viziwi kwa rangi na kabila. Baadaye akapoteza na macho. Aliendelea na upadre wake: anayetaka kuzungumza naye humwekea mikono mikononi mwake, naye husoma alama kwa kugusa.

Afrika Mashariki, Kanisa lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua shule za viziwi: Nyang'oma na Mumias nchini Kenya mwaka 1961, na Tabora nchini Tanzania mwaka 1963. Zilianza na mbinu ya kutamka, urithi wa Milano, lakini bwenini watoto walizungumza kwa mikono, na katika mabweni ya namna hiyo ndimo lugha zetu za alama zilimokomaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitambua Lugha ya Alama ya Kenya, hata bungeni.

Penye Misa iliyotayarishwa vizuri, mkalimani husimama karibu na mimbari, mbele ya ukuta mtupu. Akisimama mbele ya dirisha, mwanga wa nyuma huufanya uso wake kuwa kivuli. Viziwi huketi mbele, na itikio lao huinuka kwa mikono yote kwa pamoja. Umeme ukikatika katika Misa ya jioni, kwaya huendelea kuimba gizani, lakini kwa viziwi Misa imekoma mpaka mshumaa usogezwe karibu na mkalimani.

Wapo pia wazee waliopoteza usikivu ukubwani, wasiojua alama hata moja. Hao hawahitaji spika kubwa zaidi, kwa sababu mwangwi wa kanisa huchafua maneno. Wanahitaji homilia iliyoandikwa, na penye uwezo, waya unaozungushwa kanisani kupeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye shimesikio, kama ilivyo katika makanisa mengi ya Ulaya.

Lakini mkalimani hatamaliza deni la kitubio. Deni hilo litalipwa na padre anayejua alama mwenyewe. Kijana wa seminari kuu hutumia miaka mingi kwenye falsafa na teolojia, na baadhi ya miaka hiyo ingetosha kumpa Lugha ya Alama, akifundishwa na walimu viziwi. Maaskofu wetu, tunawaomba mliingize somo hilo kwenye ratiba. Nawe msomaji, Jumapili ijayo mwulize paroko wako viziwi wa parokia wanaungama kwa nani.