Moshi wa Ufipa na Neno "Mwelekeo"

Wahunzi wa Ufipa waliutumikisha upepo zamani sana. Tanuri zao za kuyeyushia chuma, malungu, zilipita kimo cha mtu na kuvuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini. Mivukuto ilitumika katika tanuri ndogo za kusafishia, vintengwe. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20. Moshi utandao Sumbawanga wakati wa kiangazi hutokana zaidi na moto wa nyika, na atakaye kujua umewashwa wapi hana budi kuuliza upepo.

Kumtuhumu mkulima wa Ufipa kwa kuwa yu karibu tu si haki. Desturi ya kilimo chake ilikuwa kuzifukia nyasi katika matuta ya mviringo, intumba, zioze humo, wala si kuzichoma. Takwimu huamua kwa njia nyingine. Chombo kimoja hupima moshi kila saa, kingine hupima upepo; saa zenye moshi mwingi hutengwa, kisha huhesabiwa upepo ulitoka upande upi mara nyingi kupita kawaida yake. Huko ndiko kwa kutafuta chanzo.

Hapa ndipo istilahi inapotukwaza. Wafasiri tumezoea kuandika "mwelekeo wa upepo". Kuelekea ni kukabili uendako, lakini wataalamu wa hali ya hewa huandika upande upepo utokako: digrii 90 ni upepo utokao mashariki. Afisa asomaye "mwelekeo: mashariki" atamtafuta mchomaji magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, ilhali moto uko upande wa bonde la Rukwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mchafuzi alipe! Mabaharia wa pwani hawakukosea hivyo: kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini, matlai hutoka mashariki. Sisi twapendelea "upande utokako upepo". Ni refu, lakini halipotoshi.

"Wastani" nao una mtego wake. Upepo wa digrii 350 na wa digrii 10 zote hutoka karibu na kaskazini; ukijumlisha na kugawa kwa 2 wapata 180, yaani kusini kabisa. Kwa hiyo kila upepo hugawanywa kwanza katika sehemu ya kaskazini-kusini na ya mashariki-magharibi, ndipo wastani utafutwe.